Siku moyo wa mama mkwe wangu ulipimwa kwa protractor ya shule

Wakuu, habari za humu. Heshima kwa wakubwa, salamu kwa wadogo.

Juzi kuna member alileta hapa picha ya ECG ya mzee wake, na watu wakaanza kuisoma kama mahubiri. Mmoja akaandika "mashine haidanganyi", akapata likes kibao. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka mke wangu akauliza kama niko sawa.

Mimi nimekaa na hiyo mashine miaka kumi na moja. Sisemi inadanganya. Ila inaamini mambo fulani juu ya mwili wako ambayo mchoma nyama yeyote wa Emali angeyakataa mchana kweupe.

Ninayosimulia yametokea na mimi nilikuwepo. Majina nimebadilisha kwa sababu wengine bado wako hai na wana mawakili.

Vuta kiti, si fupi.

Ilikuwa miaka ya themanini. Nilikuwa karani wa mafaili kwenye hospitali moja ya misheni, Kitui kusini kule kwenye ukame. Si ile ya Mutomo, msianze. Hii yetu ilikuwa ndogo, wodi mbili, theatre moja, na tangi la maji ambalo lilikuwa linajaa mwaka likipenda.

Wafadhili wakatuletea mashine ya ECG, ile ya kupima umeme wa moyo. Mwaka mzima haikuguswa. Ilikaa ofisini kwa metroni imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya maua ya plastiki. Mgeni akija anaonyeshwa.

Halafu mtu akakumbuka kwamba mimi nilipita hesabu shuleni. Nikapelekwa kozi ya wiki mbili Nairobi, nikarudi nikiwa mtaalamu wa moyo wa sehemu nzima ile. Ndio, wiki mbili. Hata kushona suti hufundishwi kwa wiki mbili.

Sasa niwaeleze hiyo kozi, maana ndiyo chanzo cha kila kitu.

Unafunga kibati mkono wa kulia, kingine mkono wa kushoto, kingine mguu wa kushoto. Mguu wa kulia nao unafungwa, lakini huo ni wa kutuliza kelele za umeme tu, hauhesabiwi. Ukiunganisha hizo sehemu tatu kwa mistari unapata pembetatu. Mpaka hapo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi unaanza kitabu kikifunguliwa. Kitabu kinasema, chukulia pembetatu hiyo ina pande tatu sawasawa. Chukulia moyo ni nukta, na nukta iko katikati kabisa. Chukulia mwili wote, nyama, mifupa, mapafu yaliyojaa hewa, mafuta ya tumboni, unapitisha umeme kwa usawa kama maji ya chumvi kwenye karai.

Kwetu mtu akikuambia chukulia mara tatu mfululizo, unashika mfuko wako.

Nikainua mkono. Nikamwambia mwalimu, "Mimi nimechinja mbuzi wengi. Moyo haukai katikati. Umelala kando, na unahama kulingana na vile mbuzi amelazwa."

Darasa lilicheka. Mwalimu akasema, "Hiyo ni assumption. Andika." Nikaandika. Nilitaka cheti.

Niwe mkweli, wazee waliobuni hiyo pembetatu hawakuwa wajinga. Walijua wanarahisisha ili kazi iende, na kwa watu wengi kazi inaenda. Shida ni waliokuja nyuma yao. Hao walirithi pembetatu, lakini ile chukulia waliiacha mlangoni.

Basi, ukishachora pembetatu unapima mawimbi yaliyo kwenye karatasi, unayaweka kwenye pande zake, unapata mshale. Mshale ndio unaoitwa axis. Unakuonyesha umeme wa moyo unaelekea wapi. Kwa watu wengi unaelekea chini, upande wao wa kushoto. Ukipanda juu ya mstari wa kati kupita digrii thelathini, inasemekana axis imehama, na daktari anakunja uso.

Hospitali haikuwa na kifaa cha kupimia pembe. Nikiwa narudi kutoka kozi, basi liliposimama Sultan Hamud, nilinunua mathematical set, ile ya kibati ya watoto wa shule. Wakuu, mioyo ya watu wazima wenye wajukuu ilipimwa kwa protractor iliyotengenezwa kwa ajili ya homework.

Sasa ingia daktari wa Ijumaa.

Hatukuwa na daktari bingwa wa kukaa. Huyu alikuwa anatoka Nairobi Ijumaa moja kwa mwezi, na Peugeot yake nyeupe inafika ikiwa nyekundu kwa vumbi. Alisomea ng'ambo. Alikuwa anavaa tai ya kipepeo kwenye joto la Kitui, na hilo peke yake lingetosha kunipa wasiwasi.

Alikuwa hapimi mtu. Alikuwa anasoma karatasi. Nampangia karatasi za mwezi mzima mezani, anakunywa chai, anatazama ile namba niliyoandika pembeni, anaandika mstari mmoja, anafungua inayofuata. Wagonjwa wako nje kwenye benchi wamevaa nguo za kanisani ili daktari awaone. Daktari ameondoka, wao bado wananyoosha kola.

Nami nilimwogopa. Alikuwa anasifu mwandiko wangu, na sifa ya mkubwa ni tamu. Kumbukeni hilo nikianza kujifanya shujaa huko mbele.

Sasa ingia mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane, anakaa ng'ambo ya Athi upande wa Kibwezi, enzi hizo bado ikihesabiwa Machakos kabla ya kuitwa Makueni. Mwanamke mkavu, mrefu, wa maneno machache. Maji alikuwa anachota kwenye mchanga wa mto, anapanda nayo kilima, mtungi mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. Kila siku mara mbili.

Mwaka mmoja hivi kabla ya haya, tumbo lake likaanza kukua.

Mnajua watu. Mjane, tumbo linakua, na amepita umri wa kuzaa lakini nani anahesabu. Kamati ya akina mama kanisani ikamwita. Wakamwombea kwanza, halafu wakamuuliza ni nani. Alipowaambia hakuna mtu, wakamzuia kushiriki meza ya Bwana mpaka atakapotubu. Yaani walikuwa tayari kuamini mwanamke wa miaka hamsini na nane ana mimba ya miezi kumi na mitatu, kuliko kuamini kwamba anaumwa.

Tangu hapo akawa anajifunga tumbo. Leso mbili, zimekazwa kama mzigo wa kuni.

Mke wangu Mwende alimleta hospitalini kwetu kwa nguvu. Clinical officer akampapasa, akasema ni uvimbe, mkubwa, unafaa kutolewa haraka. Daktari wa upasuaji alikuwa anakuja kwa ndege ndogo kila baada ya miezi sita, na zamu yake ilikuwa imebaki kama wiki tatu. Jina la mama likaingia kwenye orodha. Sharti moja tu, wagonjwa wa umri wake wapimwe moyo kwanza, kwa sababu ya dawa ya usingizi.

Na anayepima moyo ni nani? Ni mimi. Peke yangu.

Kwa wasio Wakamba niwaeleze. Kwetu kuna kitu kinaitwa nthoni. Ni aibu na heshima kwa pamoja, kati ya mtu na mama mkwe wake. Hamkai chumba kimoja, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani mpaka mwingine apite. Sisi tulikuwa tumeokoka wote, lakini nthoni yetu haikuwa imeokoka. Miaka sita ya ndoa nilikuwa najua kisogo cha mama mkwe wangu kuliko uso wake.

Sasa unamwambia mwanamke huyo alale chali kitandani, miguu wazi mpaka magotini, na mimi nisimame pale na nyaya.

Tulifanya hivi. Muuguzi msaidizi, dada mmoja anaitwa Syombua, ndiye aliyemfunga vibati. Mimi nilikaa na mashine upande wa pili wa pazia. Nyaya zilikuwa fupi, kwa hivyo pazia lilibaki wazi kidogo, na kupitia pale niliona.

Mama hakulala chali. Alilala ubavu, amenipa mgongo, amejikunja kama mtu anayelala nje kwenye baridi, magoti yamegusa kifua. Leso zake mbili ziko pale pale zimekazwa. Syombua alimbembeleza ajinyooshe, akakataa. Alisema kwa sauti ndogo, "Huyo ni baba ya wajukuu wangu. Nipime hivi hivi ama nirudi."

Nikabonyeza. Karatasi ikatoka.

Nilichora pembetatu yangu ya pande sawa, nukta katikati, nikapima. Mshale ulikuwa umepanda juu, digrii thelathini na nane. Nikaandika pembeni kwa ule mwandiko unaosifiwa.

Ijumaa ikafika. Daktari akanywa chai, akafika kwa karatasi ya mama, akakunja uso. Akaandika kwamba axis imehama, moyo una hitilafu, hafai kupewa dawa ya usingizi, aondolewe kwenye orodha ya theatre. Aanzishiwe vidonge vya moyo na vya kukojoza maji, na apumzike, asibebe kitu kizito.

Vidonge vya kukojoza maji, wakuu. Kwa mtu anayechimba mchanga ili apate ya kunywa.

Alitumia dakika mbili hivi. Mama alikuwa mita ishirini kutoka pale, kwenye benchi.

Jioni Mwende aliniuliza, "Kwa hivyo mama anangoja nini sasa?" Uvimbe ulikuwa unakua kila mwezi, miezi sita mingine hakuna aliyejua ingemkuta wapi. Na kule kanisani walikuwa wamekaa wanangoja mtoto azaliwe. Mwende alilia, na mimi nikajifanya natengeneza taa.

Sikulala vizuri. Ile picha ya mtu amejikunja haikunitoka. Kitabu kinachukulia moyo uko katikati. Huyu mama ana uvimbe unaosukuma kila kitu juu, ana leso mbili zinazokaza, na amekunja magoti kifuani. Hiyo nukta itakaaje katikati? Moyo umeinuliwa ukalala, na mshale umelala nao. Kwa kifupi alikuwa ananyimwa kutolewa uvimbe kwa sababu ya kuwa na uvimbe.

Wiki iliyofuata nilijifungia na mashine nikajipima mwenyewe. Nililala chali, nikapata mshale mmoja. Nikakaa, ukashuka. Nikavuta pumzi nikaishikilia, ukashuka zaidi. Nikaenda canteen nikala sahani mbili za muthokoi, ile ya mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, nikarudi nikalala nimejikunja, ukapanda. Mchana mmoja, moyo ule ule, mishale minne. Nilikuwa na furaha ya mwizi aliyegundua mlango haukufungwa.

Jeli ya kupaka chini ya vibati ikaisha, nikatumia pamba yenye maji ya chumvi. Metroni akaniuliza kwa nini nimeloa. Nikamwambia ni utafiti. Akaniangalia vile mnaangalia mtu aliyeanza kuongea na miti.

Siku hiyo nilimpigia daktari wa Ijumaa kwa simu ya hospitali, ile ya kuzungusha, ikapatikana mara ya tatu. Nikamweleza yote, kwamba mgonjwa alikuwa amejikunja kwa ajili ya nthoni, ana uvimbe, amejifunga. Nikamwambia pembetatu haikuwa na umbo lile tunalolichukulia.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kijana, geometry haijui kabila. Wewe pima, mimi nisome."

Nikamwomba nirudie kipimo akiwa amekaa wima. Akasema kitabu kinataka mgonjwa alale, cha kukaa hakitambuliki. Nikamkumbusha kwamba hata kile cha kwanza hakulala vile kitabu kinataka. Hapo akauliza swali ambalo bado linaniuma.

"Uliandika hivyo kwenye karatasi?"

Wakuu, sikuwa nimeandika.

Kulikuwa na mstari mzima wa kuandika mgonjwa alikuwa katika hali gani. Niliuacha wazi. Ningeandika nini? Kwamba nilimchungulia mama mkwe wangu kupitia pazia nikamwona amejikunja? Mtu wa mafaili angesoma, Syombua angesoma, ingefika Kibwezi kabla ya mimi kufika nyumbani. Nikaona heri ninyamaze, namba itajisemea.

Daktari akakata simu. Kwa mara ya kwanza alikuwa amesema kitu cha maana, na kilikuwa juu yangu.

Nilitembea nyuma ya jiko la hospitali nikakaa kwenye jiwe. Nilikuwa nimemcheka yule bwana miezi yote hiyo kwa kusoma karatasi bila kumwona mtu. Mimi nilimwona mtu nikaandika karatasi kama sikumwona. Afadhali yake, mjinga wa mbali. Nilijichukia siku ile, na sioni aibu kulisema hapa.

Daktari wa upasuaji alikuwa anatua Jumatatu. Jumamosi nilimtuma Mwende ng'ambo ya Athi amlete mama tena. Sikumwambia mtu mwingine. Kurudia kipimo alichokikataa bingwa lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa inatulisha.

Mama akaja Jumapili watu wakiwa kanisani. Syombua akafungua chumba. Nikasimama nyuma ya mlango nikaeleza kupitia ufa kwamba safari hii lazima leso zifunguliwe, akae wima kwenye ukingo wa kitanda, miguu ining'inie, avute pumzi nikimwambia.

Sikusikia leso ikifunguliwa.

Nikamwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, nitageukia ukuta. Sitaona kitu."

Yeye akajibu, na ni mara ya kwanza kunisemesha moja kwa moja. "Utaona aje kama hizo vyuma zimekaa sawa na wewe unaangalia ukuta? Ile ya kwanza ulifanya hivyo na wakanikata kwa orodha. Ingia ndani."

Nikaingia macho yakiwa sakafuni.

"Inua kichwa," akasema. "Moyo yangu ushaiona kwa karatasi. Mgongo ya mama mzee ndiyo itakuua?"

Syombua aligeuka akajifanya anatafuta pamba. Nikainua kichwa. Leso zilikuwa zimekunjwa vizuri kando yake. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho, na uso wake ulikuwa uso wa Mwende miaka thelathini mbele. Nikakaza kibati kimoja kilichokuwa kimelegea mkono wa kushoto.

Nikapima akiwa amekaa. Nikampima pia akiwa amelala chali bila leso, miguu imenyooshwa, kama kitabu kinavyotaka. Safari hii niliandika kila kitu kwenye ule mstari, mpaka nikaishiwa nafasi nikageuza nyuma.

Akiwa amelala bila leso, mshale ulikuwa digrii ishirini na moja juu. Akiwa amekaa na kuvuta pumzi, digrii nne tu. Huyo ni mtu mzima wa kawaida mwenye kitu tumboni kinachousukuma moyo.

Jumatatu ndege ikatua kwenye uwanja wa vumbi baada ya mbuzi kufukuzwa. Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, amevaa raba. Nikamvizia kabla hajafika theatre, nikampa karatasi tatu na maelezo ya mtu aliyekosa pumzi. Nilianza na pembetatu. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa hata na mchoro.

Akazitazama karatasi zote, kwa makini kuliko nilivyotarajia. Mchoro wangu hakuutazama. Akasema, "Yuko wapi?"

Hilo swali, wakuu. Miezi yote niliyofanya ile kazi hakuna aliyewahi kuniuliza mwenye karatasi yuko wapi.

Nikampeleka kwenye benchi. Alichuchumaa mbele ya mama, akamshika mkono, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamminya miguu kuangalia kama imevimba. Akamuuliza kupitia Syombua anabeba maji kiasi gani.

"Mtungi moja asubuhi, moja jioni," mama akasema. "Wakati huu wamenikataza nimekuwa nabeba tu, nani atanibebea?"

"Akipanda kilima anasimama kupumzika?"

"Nasimama nikikutana na mtu wa kusalimia. Siku hizi hawanisalimii, kwa hivyo sisimami."

Daktari akainuka, akasema arudishwe kwenye orodha, awe wa pili.

Nilimngoja nje ya theatre pamoja na Mwende. Sitapamba. Kama yule bingwa ndiye aliyekuwa sahihi, basi mimi na protractor yangu tulikuwa tunamuua mama wa mke wangu, na nilikuwa nimelifanya kwa kujigamba.

Saa sita na kitu mlango ukafunguliwa. Uvimbe umetoka mzima, ukubwa wa boga la kuchemsha, na haukuwa wa ile aina mbaya. Moyo ulikuwa umepiga kazi yake toka mwanzo mpaka mwisho bila kumsumbua mtu.

Mwende alitaka kuomba ule uvimbe uwekwe kwenye ndoo, aupeleke mbele ya kamati ya akina mama Jumapili. Nilimkataza. Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Kamati ilimrudisha mama kwenye meza ya Bwana baada ya mwezi mmoja, bila kuomba msamaha. Walisema wamemsamehe.

Na daktari wa Ijumaa? Nilimpima mama tena kabla hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Amelala chali, amenyooka. Mshale ulikuwa umeshuka kabisa, mahali pake. Bwana yule akaiona karatasi kwenye lundo, akaandika kwa kalamu yake nzuri kwamba axis imerudi sawa, mgonjwa ameitikia vidonge vya moyo vizuri, aendelee navyo.

Vidonge mama hakuwa amemeza hata kimoja. Alimrudishia Syombua pakiti nzima akamwambia ampe mtu mgonjwa.

Mimi nilipata barua ya onyo kwa kupita mkubwa wangu, na mashine ikakaa bila mtu miezi minne nikiwa stoo nahesabu glavu. Ikarudi juu yake chupa ya maua ya plastiki. Halafu wakanirudisha kwa sababu wafadhili walikuwa wanakuja kutembea.

Kukabaki jambo moja. Nilikuwa nimevunja nthoni, na hilo halipiti hivi hivi hata kama ulikuwa unaokoa mtu. Wajomba wa Mwende walitaka mbuzi. Nikapeleka mbuzi ng'ambo ya Athi, akachinjwa, na mimi na mama mkwe tukakalishwa tule pamoja mbele ya watu, uso kwa uso. Baada ya hapo ukuta umeondoka, mnaongea kama mama na mtoto wake.

Watu walipotawanyika nikaona nimwambie. Nikamweleza kwamba ile namba ya kwanza niliiandika mimi, na kwamba siku ile nilimwona.

Akatafuna polepole. "Uliniona nimejikunja?"

"Nilikuona, mwaitu."

"Na ulijua hiyo inaharibu kipimo?"

"Nilishuku."

"Na hukuandika."

"Niliona aibu. Nilikuwa nakuheshimu."

Aliweka mfupa chini akafuta mikono kwenye leso. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lilikuwa gumu.

"Baba Mutinda," akasema, akiniita kwa jina la mwanangu, "watu wa kanisa walinidharau, na nikaishi. Ni heshima yako ilikuwa inizike."

Halafu akaniongezea nyama.

Mafunzo ni haya, na mimi si daktari, ni karani aliyestaafu. Ukipewa karatasi ya ECG inayosema axis imehama, usikimbilie kuandika wosia. Uliza mgonjwa alikuwa amelala vipi, ana tumbo kiasi gani, ni mjamzito, ni mwembamba au mnene. Mpeleke kwa mtu atakayemgusa. Na wewe mpimaji unayesoma hapa, andika ulichoona, hata kama ni mama mkwe wako.

Wale mtakaosema siku hizi mashine zinajihesabia zenyewe, sawa, lakini niambieni ile pembetatu ya ndani imebadilika lini. Wauguzi, wapimaji, madaktari wa humu, njooni mnikosoe, ngozi yangu ni ngumu. Na kama kuna mtu aliyekuwa kwenye ile kamati ya akina mama, wewe usicomment, soma tu upite.